Mlango wa Pili

Sarakasi ilihama Tononoka usiku, imekimbia madeni,
ikaacha hema lililopasuka, farasi wa mbao asiye na masikio,
na chui milia mmoja, jike,
ndani ya gari la chuma lisilo na magurudumu.
Wakaniita mimi, Nyale, fundi mageti wa Magongo:
tujengee kizimba Shimanzi, nyuma ya maghala,
mpaka apatikane wa kumchukua.

Nikachora kwa chaki sakafuni.
Futi kumi na mbili kwa kumi na mbili, nondo za nusu inchi,
mlango mmoja, kufuli la shaba.
Nikamwambia Mishi Mwachiti, binti wa idara ya mifugo,
tepu yake ikimning'inia kiunoni:
hapa hatoki hata panya.

Alipiga goti, akapenyeza mkono mpaka begani
kati ya nondo na nondo.
"Mimi huyo nimeingia," akasema. "Na yeye akitaka kutoka nje kucha tu?"

Tukabishana siku nne.
Yeye: msingi ushuke mita moja, zege, maana kucha huchimba.
Mimi: huyu paka, si fuko.
Yeye: juu pia pafungwe.
Mimi: kwa pesa za nani?
Yeye: milango miwili, na nafasi ya mtu mmoja katikati,
wa nje ukishafungwa ndipo wa ndani ufunguliwe.
Hapo nilicheka. Hata sonara wa Mji wa Kale
ana mlango mmoja.

Basi Ijumaa, kazi nimeimaliza kwa kichwa changu,
akaniambia: hebu ingia, lijaribu komeo kwa ndani.
Nikaingia. Akafunga.
Akatia ufunguo mfukoni, akaenda kununua mahamri.

Saa saba ya Mombasa na mabati hazina huruma.
Sakafu ikanichoma kupitia kandambili.
Kivuli nilikiona: upana wa ubao,
nje ya nondo.
Wapagazi wakaja kutazama, mmoja akanitupia ganda la ndizi.
Kila upande jicho, hakuna kona ya kumpa mtu kisogo.
Nikatembea. Hatua nne, geuka. Hatua nne, geuka.
Yale matembezi yake ndani ya gari,
ambayo mimi nilikuwa nikiyaita wazimu.
Nikaegemea, kiganja kikarudi na unga mwekundu:
wiki mbili tu, na chumvi imeshaanza
kula viungo vyangu.

Alirudi na mahamri manne ndani ya gazeti.
Akafungua, akasimama pale pale mlangoni, mikono imejaa,
na nikaona anachokiona aliye ndani:
njia ni moja,
na katikati yake kuna mtu.

Nikasema: nipe hiyo tepu.

Ilituchukua mwezi na siku sita.
Rangi ya kuzuia kutu, mara tatu, kila tabaka likauke.
Birika la kuzama mpaka mabega. Jukwaa la mbao, juu, penye upepo.
Upande wa barabara, ukuta mzima,
asionekane asipotaka.
Komeo za kuvutwa kwa waya, wewe ukiwa nje.
Mlango. Nafasi. Mlango.
Mkubwa wa ofisi akauliza bei imepandaje mara tatu.
Mishi akamjibu: karibu ndani, mheshimiwa, saa saba.
Hakuja.

Jina langu nililiandika kwa cheche, kama desturi ya mafundi,
kwenye fremu ya ndani.
Siku alipohamia, yule jike hakuwa na haraka.
Akanusa birika. Akanusa ubao.
Akafika kwenye NYALE, akalisoma kwa pua
kwa muda ambao hakuna mteja aliwahi kunipa.
Kisha akageuka, akainua mkia,
akaliloanisha lote.

Mishi akafungua daftari, akaandika:
Amepokea.